Vyandarua vya Nyakabere

Feza mwanangu,

Juzi mezani ulikuwa na kile kijitabu ulichopewa na ofisi yako mpya, kile cha maswali ambayo watu huuliza kila siku juu ya chakula cha bio, kile kinacholimwa bila dawa za kiwandani. Ukawa unatupima mimi na mama yako kama watoto wa primere. Mama yako alikosa karibu yote na akacheka hadi akafuta macho. Mimi nilipata yote, nikajiona mtu. Kisha ukageuza ukurasa, ukasoma la mwisho: "Papa, kama labo inakuta dawa mu mazao, na mulimi hakupiga dawa mu shamba, nani iko responsable?" Nikainuka, nikasema naenda kuangalia mbuzi. Mbuzi wa mwisho tulimuuza tangu Pasaka. Mlitazamana, mkadhani ni tumbo.

Halikuwa tumbo. Jibu la swali lako ninalo, nimekaa nalo tangu ulipokuwa mwaka wa tatu wa sekondari, na kesho asubuhi unapanda gari la Bukavu kwenda kujifunza kazi ile ile ya ukaguzi iliyoniharibu. Habari za shuka, za dawa ya malaria na za kutokubali kukaa karibu na dereva mama yako ameshazimaliza. Sasa mmetoka kwenda Rugenge kumuaga shangazi yako, nyumba hii ya Songo imetulia, nami nataka kuandika kabla hamjarudi, maana mkirudi nitapata tena sababu ya kwenda kuangalia mbuzi.

Unakumbuka buti zangu za mpira na ile sakosi, mfuko wa fishi zangu za ukaguzi, iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Ulikuwa unajua tu kwamba Papa anapanda pikipiki siku nne kwa wiki kwenda Nyakabere kwa wakulima wa pilipili. Watu wa kule waliniita Papa Kontrole. Nilipenda jina hilo kuliko jina nililopewa na baba yangu. Koperative, ushirika wa wakulima wale, ilinichagua niwe mkaguzi wa ndani, yaani mtu wa ushirika wenyewe anayewakagua kabla mkaguzi wa nje hajaja. Nilipita shamba kwa shamba. Nilipima ukanda wa majani kati ya pilipili yetu na nyanya za jirani anayepiga dawa. Niliuliza mbegu imetoka wapi. Niliingia mpaka kwenye vibanda nikanusa madumu matupu, na wenye vibanda walisimama nje wakinyamaza kama wanaosubiri hukumu. Nilifurahia ule unyamavu wao. Nakuambia kwa sababu wewe pia utaufurahia, na hutatambua siku utakapoanza.

Watu wanafikiri bio ni ladha, au ni nguvu mwilini. Sokoni mama mmoja aliniuliza kama pilipili yetu inaponyesha sukari. Wewe utaulizwa hayo hayo, na kijitabu chako kina majibu mazuri. Mimi nitasema kwa ukali wangu tu: cheti cha bio hakionji kitu. Kinasema kwamba mtu alilima kwa namna fulani, akaandika alichofanya, na mtu mwingine akaja kuangalia kama alichoandika ni kweli. Ikiwa yule anayeandika anasema uongo, lile karatasi lote na mihuri yake ni la kufungia karanga.

Na kuna jambo jingine linalonichoma mpaka leo. Pilipili yetu ilikaguliwa na mimi, ikakaguliwa na mtu aliyetoka mbali, ikapelekwa kwenye mashine zinazoona hata tone la dawa, kwa sababu inakwenda kwa watu ambao hawajawahi kuliona ziwa letu. Nyanya tunazokula sisi hapa Uvira zinapigwa dawa jioni na kufika sokoni asubuhi, na hakuna hata mtu mmoja anayeuliza. Mama yako anaziosha kwa maji ya chumvi kisha anaomba. Hiyo ndiyo kontrole yetu.

Sasa nifike kwenye vyandarua.

Mwaka ule mvua ilituwahi. Pilipili ilikuwa imeiva yote kwa mara moja, na turubai tulizokuwa nazo zilikuwa zimechanika. Tulianika chini, pilipili ikaanza kuota ukungu mweupe. Rais wa koperative, Papa Kashindi, alizunguka hanga, ghala letu la mazao, ameshika kichwa. Mimi ni mtoto wa pwani ya ziwa, siyo wa bondeni kama wao. Nimekua nikimwona bibi yako akianika ndagala, vile visamaki vya ziwani, juu ya vyandarua vikuukuu ili mchanga usiingie na upepo upite chini. Nikawaambia watu wa Nyakabere: mnalala ndani ya dawa yenu na hamuioni. Ndivyo nilivyosema, Feza, neno dawa lilitoka kinywani mwangu mwenyewe na sikulisikia.

Vyandarua vipya vilikuwa vimegawiwa bure kijijini miezi michache kabla. Nyumba nyingi zilikuwa na vilivyobaki, bado kwenye mifuko yake. Nilivikusanya mimi. Tukatengeneza meza za miti, tukavitandaza, pilipili ikakauka vizuri, nyekundu, safi, bila mchanga hata punje. Walinipikia kuku. Papa Kashindi alisimama akasema kwamba akili ya watu wa ziwa iko tofauti. Nilirudi nyumbani siku ile nikiimba, na chandarua kimoja kilichobaki kwenye mfuko wake nilikiweka nyuma ya pikipiki, nikakisahau kwenye stoo.

Bibi yako hakukosea. Vyandarua vya wakati wake vilikuwa nyuzi tu. Hivi vya siku hizi vinatoka kiwandani vimeshalowekwa dawa ya kuua mbu. Mkaguzi mwenye fishi na buti, aliyenusa madumu ya watu wote, hakuuliza kitambaa alichotandaza kwa mikono yake kimetiwa nini.

Mkaguzi wa nje alikuja, mama mmoja mpole, akachukua pilipili kiasi cha kujaza mfuko mdogo, akaondoka. Baada ya muda ikaja barua: maabara imekuta dawa ya wadudu, jina lake deltametrini. Cheti kimesimamishwa. Na kwa kuwa cheti ni kimoja kwa wote, walisimamishwa wote, hata yule mzee aliyekuwa anaokota wadudu kwa vidole. Koperative ilitakiwa kutafuta dawa imetoka wapi na kuandika. Yule mama alinipigia simu pia. Aliniuliza vizuri kabisa: "Mahali pa kuanikia pakoje? Hakuna kitu cha kufukuza mbu hapo?" Nikamjibu hapana, haraka, kwa sababu niliona ananiuliza juu ya kazi yangu. Wakati ule bado nilikuwa sijui. Nilikuwa na kiburi tu.

Nilijua jioni yake, na aliyenijulisha ni Nabintu.

Najua umesimama hapo kwenye jina hilo. Rafiki yako, mtoto wa Mama Nabintu wa Nyakabere, aliyekuwa anakaa kwetu ili asome hapa mjini, uliyelala naye kitanda kimoja. Mlilalamikia mbu, nikatoa kile chandarua kwenye stoo. Ulikuwa unapanda kitini kufunga kamba, naye amekaa sakafuni anausoma mfuko wake, maana yule mtoto alikuwa anasoma kila kitu, hata magazeti ya kufungia maandazi. Akasema, "Papa Feza, hii iko na jina ya nguvu, sikiliza." Akalisoma kwa kukata vipande, del-ta-met-ri-ni, kisha akacheka kwa kujipongeza. Nikamnyang'anya ule mfuko. Mlidhani nimekasirika kwa ajili ya kelele.

Mkutano ulikuwa kesho yake. Nilikuwa na njia nzima, kutoka hapa mpaka Nyakabere juu ya pikipiki, ya kupanga jinsi ya kusema. Nilipanga vizuri sana. Nilikuwa na sentensi yangu ya kwanza. Nikaingia kwenye hanga, nikakuta watu wamejaa mpaka nje, na mama mmoja akapiga kelele: "Tunataka jina! Bila jina tutakufa na pilipili yetu mu mikono!" Wote wakanigeukia mimi, Papa Kontrole, mwenye fishi. Nikaona kwamba wananiamini. Hapo ndipo nilipoanguka. Kama wangekuwa wananishuku, labda ningesema kweli.

Nikafungua fishi. Ukurasa wa Mama Nabintu ulikuwa na mstari niliouandika mwenyewe miezi mingi nyuma: ameazima kwa jirani wa nyanya pompi ya kupigia dawa. Na ni kweli aliazima. Alitaka kunyunyizia maji ya majivu na mwarobaini, jambo tuliloruhusu. Mimi nilimkuta kabla hajaanza, nikamwambia pompi iliyobeba dawa haiingii shambani kwetu hivi hivi, tukaisugua pamoja mtoni mara tatu kwa sabuni, nikainusa, nikamruhusu. Sehemu hiyo sikuiandika wakati ule, kwa uvivu. Siku ya mkutano sikuisoma kwa sababu haikuwa imeandikwa. Unaona jinsi uvivu mdogo unavyosubiri mpaka uwe na kazi.

Mama Nabintu alisimama. "Papa Feza, weye mwenyewe ulikuyaka. Si tulisugua ile pompi pamoya? Minye niliweka dawa gani? Sema basi!"

Nikasema, "Fishi inasema pompi iliazimwa." Hivyo tu. Sikusema kwamba alipiga dawa. Nilikuwa mwangalifu nisiseme uongo hata mmoja. Nimejisifu kwa hilo usiku mwingi, mpaka nilipogundua kwamba hakuna mtu mwingine wa kunisifu.

Walimfukuza kwenye koperative siku ile ile. Kabla sijaondoka niliwaambia vijana watoe vyandarua kwenye meza, kwamba vimechakaa, wanunue wavu wa nailoni. Walivichoma nyuma ya hanga. Msimu uliofuata mkaguzi alirudi, akachukua pilipili nyingine, na maabara haikuona kitu. Cheti kikarudi. Kijiji kizima kikasema: mnaona? Ametoka, na dawa imetoka. Hakuna aliyekuwa na haja ya kusema uongo tena. Ulikuwa unatembea wenyewe.

Na Nabintu nilimrudisha kwao. Nilishindwa kula naye meza moja. Kila alipofungua kitabu nilisikia lile jina. Nikamwambia mama yako kwamba nyumba ni ndogo, na wewe nikakuambia maneno ambayo huenda umeyasahau, lakini mimi sijayasahau: "Mama yake aliharibu kazi ya watu." Wiki iliyofuata ulirudi kutoka shule ukaniambia kwa fahari kwamba wasichana wa darasa wamekuuliza Nabintu yuko wapi, nawe umewajibu hivyo hivyo. Ulikuwa mtoto. Nilikupa sumu ukaibeba ukidhani ni heshima ya baba yako.

Alikuwa anakupita darasani, unajua. Alishika jembe mwaka ule ule, pilipili ya mama yake ikaishia kuuzwa kwa vijiko barabarani, akaolewa Luberizi kabla hajafikisha umri wa kupiga kura. Nilipoona beji yako juzi, na picha yako umetabasamu juu yake, nilifurahi, Feza, nilifurahi kweli. Na katika furaha ile ile nikaona kwamba kuna mtu mwingine ambaye picha yake ingeweza kuwa pale.

Baada ya swali lako sikulala vizuri, na asubuhi nikaazima pikipiki. Nilimkuta Mama Nabintu mlangoni kwake anapepeta mchele. Hakusimama. Nilimwambia yote, toka mfuko wa chandarua mpaka fishi. Aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza.

"Weye unafikiri minye sikujua?" akasema. "Mbu ilikuwa inaanguka mu ile musitikere ya kuanikia, inakufa. Minye niko mulimi, siko kipofu. Nilisema, Papa Feza atasema yeye mwenyewe. Ana mutoto wangu mu nyumba yake, atasema tu. Siku Nabintu alirudi na kamufuko yake, njo nilijua hautasema."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, ndiyo, mimi baba yako, kwenye maganda ya mpunga. Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Usiniombe musamaha hapa kwa mulango. Hapa kuko kuku tu. Jina yangu ulisomea mu hanga, mbele ya watu. Enda usemee palepale."

Kutoka pale nilipitia kwa Papa Kashindi, maana yeye ndiye anayeitisha mkutano. Alinisikiliza mlango umefungwa. Halafu akakasirika kuliko nilivyotegemea. "Hii kitu ilishakufa, unaifufula ya nini? Ukisema, ofisi itasikia. Watafunga cheti tena. Watoto ya watu watasoma na nini? Unataka watu balale njaa juu roho yako ipumuzike?" Nimelizungusha swali lake kichwani. Inawezekana ana haki. Inawezekana nitawaumiza watu wale wale mara ya pili, safari hii kwa kusema kweli. Kusema kweli siku ile kwenye hanga kungenigharimu mimi peke yangu. Sasa bei imepanda na itakatwa kwa watu wote, na hilo pia ni kosa langu, maana nilichelewa.

Mkutano ni Jumapili baada ya misa. Nimemwambia aitishe, na kama hataitisha nitasimama mlangoni mwa kanisa. Mama yako nilimwambia jana. Aliondoka jikoni, akarudi baadaye akaendelea kukunja nguo zako.

Wewe hutakuwepo Jumapili, na nimefurahi kama mwoga. Sikutaka uone nyuso zao. Lakini sikutaka uondoke ukidhani mkaguzi mwaminifu alikulea. Siku moja utasimama mbele ya mtu anayekuuliza uonyeshe mkosaji, na watu watakuwa nyuma yake, na fishi itakuwa mkononi mwako na mstari mmoja ulio kweli nusu. Sina ushauri wa siku hiyo. Nina habari tu za mtu aliyefika pale kabla yako.

Bado jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu badala ya kukungoja mlangoni. Nimekisoma kile kijitabu chako ulipolala. Kinasema mkaguzi haruhusiwi kukagua kikundi chenye ndugu yake, na kwamba akijua jambo lililofichwa lazima aliandike na kulikabidhi, hata kama amelijua nyumbani. Kwa hiyo barua hii ikishakuwa mkononi mwako, unajua. Nimekuwekea mzigo mwingine, nami sijui kukupa kitu kingine. Unaweza kuichoma njiani, hakuna atakayekuuliza. Ukiichoma nitakupenda vile vile, lakini nitajua ulijifunza kwa nani.

Gari likifika njiapanda ya Nyakabere huwa linasimama watu wanunue mahindi. Mama Nabintu anauza pale asubuhi. Miaka yote hii tukipita nilikufundisha kugeuza uso upande wa mlima. Kesho usigeuze. Mwamkie kwa jina, kama ulivyokuwa unamwamkia alipokuja kumtembelea mtoto wake hapa kwetu na kifurushi cha mboga za lengalenga. Kama hataitika, ana haki.

Na ukifika Bukavu, siku ya kwanza watakapokupa fishi tupu ya kujifunzia, ijaze hii. Mahali: Nyakabere, kwenye hanga. Dawa: deltametrini. Imetoka wapi: vyandarua. Chini yake kuna mstari wa jina la mwenye kosa. Uliniuliza nani anawajibika, nami nikaenda kuangalia mbuzi. Andika jina langu, kwa herufi kubwa. Kama umesahau linavyoandikwa, angalia kitambulisho chako, ni lile la pili, baada ya lako.

Papa yako